Mapambo ya Krismasi Huanza Kiangazi

Tarehe 17 Desemba 2022 nilishuka stendi ya Igumbilo mjini Iringa nikiwa na mataji 40 ya Krismasi, kila moja limeviringishwa kwenye nailoni nzito ili mvua isilifikie. Nilikuwa nimeyatengeneza nyumbani Mafinga kwa matunda ya misonobari, matawi ya saiprasi na nyasi za milulu, kwa ajili ya nyumba moja ya wageni iliyoniagiza mwezi mmoja kabla. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akaniagizia chai, kisha akafungua taji la kwanza. Nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya ghala lililovujiwa, na nilipoinama nikaona utando wa kijivu umetanda juu ya vanishi, laini kama manyoya ya kifaranga. Tulifungua yote 40 palepale barazani, mimi na yeye, bila kusemezana. Akachukua 18. Mengine 22 nilirudi nayo Mafinga, mwendo wa kilometa zipatazo 80, na njia nzima niligeukia dirishani ili abiria wa pembeni asione ninavyolia.

Nimetanguliza aibu hiyo kwa sababu makosa niliyoyafanya mwaka ule, na mengi ya mwaka uliofuata, yalikuwa na mzizi mmoja: nilianza kazi ya Krismasi wakati Krismasi imeshabisha hodi. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo Desemba ni mwezi ambao kitu kilichotoka shambani au msituni hakikauki hata ukikianika wiki mbili. Picha za mataji zilizonivutia zilikuwa za nchi za baridi, ambako mwezi huo watu huwasha moto ndani ya nyumba na hewa ya chumbani huwa kavu kuliko ya nje. Mimi niliiga sura ya taji, lakini sikujiuliza limetengenezewa katika hali gani ya hewa.

Niliingia katika kazi hii kwa deni. Nilikopa shilingi 300,000 kwenye kikoba chetu, za kurudisha 330,000 baada ya miezi mitatu. Waya wa kufungia nondo kilo sita ulinigharimu 24,000, mashine mbili za gundi ya moto 30,000, vijiti vya gundi 60,000, vanishi 45,000, riboni 36,000, vijana wawili wa kuokota 40,000, na usafiri wa magunia 25,000. Shilingi 40,000 zilizobaki ziliishia kwenye mkaa na mboga. Nyumba ile ya wageni tulikubaliana nayo 15,000 kwa taji, kwa maneno ya mdomo, bila malipo ya awali na bila kuwaonyesha hata sampuli moja. Kwa mataji 18 nililipwa 270,000, na ili nimalize deni la kikoba nikauza gunia moja la mahindi ya chakula cha nyumbani. Mume wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mwakani nitauza la pili, na swali hilo lilinikaa moyoni kuliko ugomvi wowote.

Sasa nieleze jambo lenyewe, nikianza na tunda la msonobari, maana ndilo uti wa mgongo wa mapambo haya na ndilo lililonifundisha karibu kila kitu. Misonobari, au paini kama tunavyoiita zaidi huku Mufindi, wilaya yetu, haikuwa miti yetu ya asili. Aina iliyoenea zaidi katika mashamba yetu asili yake ni Meksiko. Tunda lake, ambalo wakusanyaji wa mbegu huliita koni, limepangwa magamba kama ya samaki, na kila gamba lina tabaka mbili ambazo hazivimbi sawa zinapopata unyevu. Hewa ikiwa kavu magamba hujikunja kwa nje na koni huchanua. Hewa ikiwa mbichi hunyooka na koni hufumba. Ukiichovya kwenye ndoo ya maji koni iliyochanua, baada ya saa moja au mbili utaikuta imefumba kama ngumi. Hiyo ndiyo sababu mataji yangu, yaliyokuwa yamejaa vizuri mezani, yalifika Iringa yamenywea na kuacha mapengo yanayoonyesha waya.

Koni ya paini yetu ina tabia nyingine ambayo sikuijua. Haifunguki kirahisi hata ikikomaa, kwa kuwa magamba yake yamegandishwa kwa utomvu, na inaweza kukaa mtini miaka kadhaa imefumba mpaka ipate joto kali. Vijana wangu walikuwa wameokota koni kutoka kwenye matawi yaliyokatwa, ngumu, nzito, za rangi ya kahawia iliyong'aa, na mimi nikafurahia uzuri wake. Nilizianika siku kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyochanua. Kwa haraka nikazipanga juu ya wavu wa waya, jiko la mkaa likiwa chini yake. Utomvu ukayeyuka, ukadondokea kwenye makaa, na moto ukaruka hadi kwenye wavu kabla sijageuka. Niliuzima kwa mchanga wa uani. Vinyweleo vya mkono wa kushoto viliungua, paa la jiko likapata masizi ambayo hayajatoka hadi leo, na mtoto wangu wa mwisho alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Mtu yeyote asifanye hivyo.

Njia ninayoitumia sasa nilionyeshwa na mama mkwe wangu, ambaye ana tanuri la udongo la kuokea mikate. Mikate ikishatolewa na makaa yakishafagiliwa yote, tunasubiri hadi mtu aweze kuingiza mkono na kuhesabu polepole hadi ishirini bila kulazimika kuutoa. Hapo tunaingiza koni kwenye trei, safu moja tu, na mlango unaachwa wazi kidogo. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo ilikuwa usiku, Septemba 2023, na mimi nilikuwa nimekata tamaa nusu. Tulikaa kwenye vigoda mbele ya tanuri. Baada ya muda nikasikia kitu kinalia ndani, ta, kimya, ta-ta, kama njugu zinazopasuka kwenye kikaango.

"Mama, kuna kinachoungua," nikasema nikiinuka.

"Kaa chini, mwanangu," akanijibu. "Hizo zinafunguka."

Tulipotoa trei koni zilikuwa zimechanua kama maua, magamba yamejitenga moja moja, na chini yake kulikuwa na mbegu ndogo nyeusi, kila moja na ubawa wake mwembamba kama wa mchwa wa mvua. Mama mkwe alizikusanya kwenye kikombe, akasema ataziotesha. Utomvu uliokuwa ukinata mikononi ulikuwa umeyeyuka na kukauka, ukaacha mng'ao ambao hauhitaji vanishi. Nikakumbuka shilingi 45,000.

Koni zilizochanua peke yake mtini au zilizodondoka chini kiangazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa hizo huhitaji jua la siku tatu nne tu. Tatizo lake ni wadudu, kwa hiyo nazo huzipitisha kwenye tanuri lenye joto la wastani kabla ya kuzihifadhi. Huzihifadhi kwenye magunia ya katani yaliyoning'inizwa kwenye kenchi za jikoni, mahali moshi unapopita. Nailoni niliiacha kabisa. Nilidhani inakinga mvua, kumbe ilikuwa inafungia ndani unyevu uliokuwa bado kwenye matawi ya saiprasi niliyoyakata jana yake, na vanishi niliyoipaka juu ya koni mbichi ilikuwa inafanya kosa lilelile kwa kila gamba. Ukungu wa asubuhi wa Mufindi ndio ulioniletea ukungu wa kwenye mataji. Kwa sababu hiyo hata kipupwe, yaani Juni na Julai, si wakati mzuri wa kuanika kwetu, ingawa mvua hakuna. Ukungu huweza kushika hadi mchana. Mimi hukusanya kuanzia mwishoni mwa Agosti na kukausha Septemba na Oktoba.

Nisisahau suala la ruhusa, kwa kuwa mwaka wa kwanza nililichukulia kama jambo dogo. Msitu wa Sao Hill ulio jirani yetu ni shamba la serikali linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia na gunia kuokota chochote bila kuuliza ni kujitafutia matatizo, hata kama unachookota kingeozea pale chini. Vijana wangu walifukuzwa mara moja, na walikuwa na bahati kuishia hapo. Siku hizi naokota kwenye mashamba ya watu binafsi baada ya kuzungumza na mwenye shamba, na mara nyingi anachotaka ni salamu, sabuni mche mmoja, na ahadi kwamba hakuna atakayewasha moto. Ahadi hiyo ya moto ni nzito, maana Septemba na Oktoba ndio wakati misitu yetu huungua. Hatubebi kiberiti, hatuchomi mahindi, na mvuta sigara simwajiri kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo kuhusu maua. Mchuuzi mmoja aliwahi kuniletea kifurushi cha maua makavu ya porini, mazuri ajabu, akisema yametoka Kitulo. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na kuchuma pale hakuruhusiwi. Nilimrudishia kifurushi chake. Siwezi kupamba kuzaliwa kwa Bwana kwa kitu kilichoibwa.

Mwaka wa pili nilipanua vifaa, na hapo nikagundua kwamba kanuni ya ukavu ina upande wa pili: vipo vitu vinavyotakiwa kushikwa vingali vibichi, kisha vikaushwe vikiwa tayari na umbo lake. Pete ya taji ni mojawapo. Mimi hutumia matawi ya mpesheni yanayotambaa, yale yanayokatwa wakati wa kupogoa, nayasuka kuwa pete siku hiyohiyo yangali yanapinda, mizunguko mitano au sita, kisha naining'iniza kivulini wiki tatu. Ikikauka husinyaa na kulegea, kwa hiyo lazima uirudie na kuikaza kwa kamba ya katani kabla ya kufunga chochote. Mtu akifunga koni kwenye pete mbichi, pete itasinyaa na koni zitacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Vikombe vidogo vya mbegu za milingoti, yaani mikaratusi, navyo vitobolewe kwa sindano ya gunia vingali vya kijani. Vikishakauka huwa kama mawe, na nilivunja sindano nne kulijua hilo. Tukivitunga kwenye uzi, watoto wakinisaidia jioni, nyumba nzima hunukia kama dawa ya kifua.

Maganda ya mahindi ni kifaa ambacho watu wengi wa huku wanacho bure na hawakioni. Wakati wa mavuno, Juni na Julai, achana na ganda la nje lenye madoa, chukua yale ya ndani, meupe na laini, uyaanike na kuyaweka kwenye kikapu. Siku ya kazi yalowe kwenye maji ya uvuguvugu robo saa hivi, yatakuwa kama kitambaa, na unaweza kukunja malaika, nyota au maua, ukayafunga kwa uzi wa katani na kuyaacha yakauke yamening'inia. Desemba mahindi ya mashambani bado machanga, na anayetaka maganda wakati huo hana pa kuyapata. Milulu huinunua kwa akina mama wasukaji wa vikapu, iliyokwisha kukaushwa, kwa kuwa wao wanaijua kuliko nitakavyoijua mimi.

Mianzi ndiyo iliyonikosesha adabu. Nilitaka nyota kubwa za mianzi kwa ajili ya mlango wa kanisa, na Novemba 2023 nikakata mianzi sita kwenye kichaka kilicho bondeni, nikidhani kimeachwa tu. Jioni akaja mzee mmoja wa kitongoji chetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, umenikatia ulanzi."

Ilikuwa mianzi yake ya kugema ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, na nilikuwa nimekata wakati machipukizi ndiyo yanaanza kutoka, majuma machache tu kabla ya yeye kuanza kupata kikombe chake na fedha yake ya chumvi. Hakupandisha sauti. Nilimpelekea shilingi 20,000 na kuku mmoja, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, akaipokea radhi yangu. Nyota zenyewe zilitoka nzuri, zikatundikwa, zikasifiwa. Kufikia Machi mzee wa kanisa akaniita nikaone unga mweupe uliodondoka kwenye kizingiti. Bungua walikuwa wametoboa kila pingili. Mwanzi mbichi una wanga mwingi ndani yake, na wanga huo ndio chakula cha mdudu huyo. Kuukausha juani peke yake hakumwondoi.

Kuhusu mishumaa nitasema kwa ukali kidogo. Taji la Majilio, yaani la majuma ya kungoja Krismasi, ambalo siku hizi huwa na mishumaa minne, limetoka Ujerumani. Mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern alitengeneza la kwanza Hamburg mwaka 1839 kwa gurudumu la mkokoteni, ili watoto aliowalea waweze kuhesabu siku zilizobaki kufikia Krismasi. Sisi tumelipokea na kulipenda, makanisani na majumbani. Lakini koni iliyokauka vizuri, yenye utomvu wake, ni kuni bora kabisa. Bibi zetu wa huku huwashia moto kwa hizohizo. Katika ibada moja ya jumuiya nilikokuwa nimepeleka taji, mshumaa mwembamba uliegemea, na moto ukapita kwenye koni tatu kabla baba mmoja hajalifunika kwa koti lake. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo siuzi taji la mishumaa bila vikombe vinne vya bati vyenye mchanga, vilivyofungwa kwa waya kwenye pete, mshumaa ukisimama ndani ya mchanga na koni zikiwa mbali nao kwa upana wa kiganja. Matawi ya saiprasi siyaweki kabisa kwenye taji la aina hiyo. Mteja akisema vikombe vinaharibu sura, namwuzia taji lisilo na mishumaa.

Gundi ya moto nayo nimeipunguza sana. Haishiki juu ya kitu chenye unyevu, umeme ukikatika kazi inasimama, na mzigo ukikaa kwenye joto la Dar es Salaam gundi hulainika na koni zinadondoka. Waya unatosha: unaupitisha kati ya magamba ya mwisho karibu na kikonyo, unauzungusha mara moja, unausokota chini, na ncha mbili unazifunga nyuma ya pete na kuzikunja ndani zisichome mtu. Mwanzoni nilitumia dakika arobaini kwa taji moja. Sasa ni kama ishirini.

Mwaka 2024 nilitengeneza mataji 50, nikayauza kwa 18,000 kila moja, na kila mteja alilipa nusu baada ya kuona sampuli, mwezi Oktoba. Nilipata 900,000, gharama zikiwa 310,000. Ukigawanya kilichobaki kwa miezi minne ya jioni zangu na za watoto, si utajiri, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ni utajiri. Kumi na mawili yalikwenda Dar es Salaam kwa basi, kwenye maboksi ya katoni yaliyotobolewa matundu ubavuni, na ndani ya kila boksi nikaweka karatasi iliyoandikwa kwamba koni zikifika zimefumba kidogo zianikwe juani nusu siku. Wateja wawili walinipigia simu wakiwa na hofu kabla ya kuisoma karatasi, na jioni yake wakapiga tena kusema zimechanua.

Nyota za mianzi bado sijazimaliza. Yule babu ndiye aliyeniambia kwamba zamani mianzi ya kujengea ilizamishwa mtoni majuma kadhaa ili maji yatoe wanga kabla ya kuanikwa kivulini, na safari hii amenichagulia mwenyewe mianzi minane iliyokomaa, ya miaka mitatu kwenda juu, ambayo haigemwi tena. Tuliizamisha Julai kwenye kijito kilicho chini ya shamba lake na kuikandamiza kwa mawe. Imeanza kunuka, na yeye anasema harufu hiyo ndiyo inayotakiwa. Tutaitoa mwishoni mwa Agosti.